Bahari asubuhi, mvinyo mchana: wikiendi ya kiangazi Hermanus na marafiki

Wikiendi ya mvinyo huharibiwa na tamaa ya kuona mashamba mengi. Watu hupanga matano kwa siku moja, wakanywa kila wanachomiminiwa, na ikifika saa tisa alasiri hakuna anayekumbuka jina la mvinyo wala sura ya bahari. Ratiba yangu mimi ni fupi, na marafiki wanaonijia kutoka Dar na Nairobi wameshaizoea: bahari asubuhi, mvinyo mchana, mashamba mawili basi, na aliyekwisha kuonja harudi majini.

Nasema kama mtu aliyelelewa kwenye mizabibu. Kwetu ni Hombolo, nje kidogo ya mji wa Dodoma, na ada yangu ya shule ilitoka kwenye zabibu za mama. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, kwa sababu mzabibu wa kwetu haupati baridi ya kuulaza. Ukiupogoa unaanza upya. Huku Rasi, Afrika Kusini, ninakoishi sasa, mzabibu hulala majira ya baridi na kuzaa mara moja tu, kiangazi. Kwa hiyo ukija wakati wake unakuta kazi ya mwaka mzima ndiyo inaingia ghalani, na kila mtu shambani ana la kukueleza.

Wapi, na lini

Wageni wengi hukimbilia Stellenbosch na Franschhoek. Ni kuzuri, lakini bahari iko mbali na joto la Januari linachoma. Mimi nakupeleka Hermanus, mji mdogo kando ya ghuba ya Walker, kiasi cha kilomita 120 kusini-mashariki mwa Cape Town. Nyuma ya mji huo kuna bonde linaloitwa Hemel-en-Aarde, na mashamba yake ya kwanza yako kilomita chache tu kutoka ufukweni. Unatoka baharini, unaoga, unavaa, na baada ya muda mfupi umeketi mbele ya glasi ukiitazama milima.

Ukaribu huo wa bahari ndio siri ya mvinyo wenyewe. Upepo kutoka Atlantiki baridi hupanda bondeni na kuzipoza zabibu, zikaiva polepole bila kupoteza uchachu wake. Ndiyo maana bonde hili linajulikana kwa aina mbili zinazopenda ubaridi: Pinot noir, nyekundu, na Chardonnay, nyeupe. Aliyeanzisha ni Tim Hamilton Russell, mtu wa biashara ya matangazo, aliyenunua ardhi hapa mwaka 1975, wakati sheria za mgao ziliamua nani apande mizabibu na wapi. Wakubwa wa mvinyo wakati ule hawakuiona sehemu hii kuwa ya maana. Leo bonde zima limejaa majirani zake.

Kiangazi huku ni Desemba hadi Februari. Epuka katikati ya Desemba hadi baada ya mwaka mpya: shule zimefungwa, nyumba za kupanga zinapanda bei, na barabara ya kuingia Hermanus inasongamana. Chagua mwisho wa Januari au Februari. Februari ndipo wengi bondeni wanavuna, na ukiwahi asubuhi unaweza kuona makreti ya zabibu yakishushwa. Ila nyangumi usiwategemee. Mji huu una sifa ya nyangumi duniani kote, na watu huja wakiwa na darubini mkononi, lakini nyangumi wako hapa kuanzia Juni hadi Novemba hivi. Waambie wenzako mapema, asije mtu akakaa juu ya jabali siku nzima akisubiri.

Kabla ya safari

Watu watano ndio kundi zuri. Mnaenea kwenye gari moja, mnakaa nyumba moja, na meza ya kuonjea haigawanyiki kuwa baraza mbili. Mkizidi sita, mashamba mengi yatataka mpige simu kwanza, na meza nzuri za nje hazitakuwa zenu.

Mkenya na Mtanzania wanaingia Afrika Kusini bila viza kwa matembezi ya hadi siku 90. Kwa Mkenya ilianza Januari 2023. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano hata kama huna hakika kitaulizwa. Atakayeendesha awe na leseni ngumu yenye picha na maandishi ya Kiingereza. Magari yanapita kushoto kama nyumbani, kwa hiyo hapo hakuna kigeni.

Fedha ziwekwe mikononi mwa mtu mmoja. Sisi tuna dada yetu wa Nairobi, mhasibu, na kila mtu humtumia mchango wake kabla ya kupanda ndege: nyumba, gari, mafuta, ada za kuonja, chakula cha pamoja. Chupa za kubeba nyumbani kila mtu na mfuko wake. Dereva wa siku hachangii mafuta, na chakula chake cha mchana hulipwa na waliobaki. Kwenye migahawa acha asilimia 10 hadi 15 kwa mhudumu. Vijana wengi wanaokuhudumia wanaitegemea hiyo.

Kwenye begi, pamoja na nguo za kuogelea, tia sweta. Najua ni kiangazi. Upepo wa kusini-mashariki ukivuma jioni utakumbuka sweta yako iliyobaki Mikocheni. Kofia, mafuta ya jua yenye nguvu, na khanga doti moja kwa kila mtu, hata wanaume. Khanga ni taulo, ni shuka la mchangani, ni kitambaa cha mabegani, na Jumapili nitakuonyesha kazi yake nyingine.

Ijumaa: shika barabara ya pwani

Kuna njia mbili. Ya haraka ni N2 kupitia mlima wa Sir Lowry's Pass, kisha kukata kulia Botrivier. Hiyo iache kwa kurudi. Ijumaa ondoka Cape Town saa saba mchana, kabla ya foleni ya watu wanaotoka kazini, upite R44 kuanzia Gordon's Bay. Barabara hiyo imechongwa kwenye ubavu wa mlima, bahari ya False Bay iko chini yako upande wa kulia, na kila baada ya kona chache kuna mahali pa kuegesha. Simameni. Dereva naye ana haki ya kutazama, na anatazama gari likiwa limesimama.

Usiipite usiku. Ina kona kali na haina taa. Januari jua linazama karibu saa mbili usiku, kwa hiyo mna mchana mrefu wa kutosha.

Kuanzia Rooi Els mpo ndani ya hifadhi ya Kogelberg, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 1998, ya kwanza ya aina yake Afrika Kusini. Kuna nyani. Fungeni madirisha, msiache mfuko wa mkate kitini, wala msiwalishe. Nyani aliyezoea chakula cha watu mwisho wake huwa mbaya. Betty's Bay ingieni Stony Point kuwaona pengwini. Mnalipa kiingilio kidogo na kutembea juu ya njia ya mbao, pengwini wako pembeni wanaatamia mayai yao na kubishana. Mwaka 2024 pengwini hawa wa Afrika waliwekwa kwenye daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Wapeni nafasi, msiwainamie kupiga picha za karibu.

Mkifika Hermanus, nunueni samaki na chipsi, mle, mlale. Ijumaa hatufungui chupa. Pua na ulimi vilivyopumzika ndivyo mtakavyovihitaji kesho.

Jumamosi asubuhi: majini

Upepo wa kusini-mashariki huwa na tabia ya kupanda kadiri mchana unavyosonga. Saa moja na nusu asubuhi bahari imetulia na mchanga haujaanza kukupiga miguuni; saa nane mchana ufuo huohuo unaweza kukufukuza. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kutanguliza bahari. Ya pili ni usalama: pombe na maji baridi ni jirani wabaya, na kunywa ufukweni huku ni kosa kisheria pia.

Nendeni Grotto, ufuo mrefu wenye mchanga mweupe upande wa mashariki wa mji. Kiangazi kuna walinzi wa waogeleaji. Wanasimika bendera zenye rangi nyekundu na njano, na kuogelea ni katikati ya bendera hizo, hata kama umekulia Tanga na unajiona samaki. Bahari hii si ile ya kwetu. Hakuna mwamba wa matumbawe wa kulivunja wimbi kabla halijakufikia. Linakuja zima kutoka bahari kuu. Mkondo ukikuvuta, usishindane nao kurudi moja kwa moja. Ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo ugeuke nchi kavu, na ukichoka elea na uinue mkono.

Maji ni baridi, nakwambia mapema. Rafiki yangu wa Mombasa huingia hadi magotini, akapiga kelele, akatoka, na hiyo nayo inatosha. Aliyepoa avae upesi na anywe chai ya moto. Bebeni chupa ya chai ya tangawizi kila mara. Ikifika saa tatu na nusu tokeni, mkaoge maji ya bomba na mle kifungua kinywa kizito: mayai, mkate, parachichi. Tumbo tupu haliendi kwenye mvinyo.

Baada ya kupiga mswaki ngoja angalau saa moja kabla ya kuonja. Na hapa nawasihi dada zangu wa pwani, na kaka pia: siku hiyo hakuna udi, hakuna marashi, hakuna mafuta yenye harufu kali. Kuonja ni kazi ya pua, na marashi yako yanafunika glasi yako na ya jirani yako.

Jua unakoonja

Ndani ya gari, mkipanda barabara ya R320, mwelezane mko wapi. Mvinyo wa kwanza wa Rasi ulikamuliwa tarehe 2 Februari 1659, zama za Jan van Riebeeck, mkuu wa walowezi wa kwanza wa Kiholanzi huku. Kwa karibu karne mbili baada ya hapo mizabibu ya Rasi ililimwa na watumwa walioletwa kutoka Madagascar, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Utumwa ulifutwa mwaka 1834, lakini waliokombolewa walilazimishwa kuwatumikia mabwana walewale hadi 1838. Kulikuwa na mtindo pia wa kuwalipa vibarua sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, na ingawa ulipigwa marufuku, majeraha yake yamebaki kwenye familia nyingi za mashambani. Bonde hili lenyewe lilikuwa na makazi ya wagonjwa wa ukoma mwanzoni mwa karne ya 19, kabla hawajahamishiwa Robben Island.

Siyasemi ili kuwakatia watu hamu. Nayasema kwa sababu mtu anayejua huuliza maswali mazuri mezani: nani anavuna hapa, wanaishi wapi, shamba hili lina wabia gani. Mashamba yanayowatendea watu wao vyema hujibu bila kusita, na hapo ndipo ninapofungua mkoba.

Mashamba mawili

Chagueni moja bonde la chini na moja la juu. Chini, karibu na bahari, kuna Hamilton Russell Vineyards na Bouchard Finlayson, yaliyo jirani. Juu kabisa, kwenye mgongo wa vilima, kuna Creation, ambapo kuonja kunaambatana na vyakula vidogo vilivyopikwa kuendana na kila mvinyo. Katikati kuna mengine mazuri, Newton Johnson mojawapo. Wekeni nafasi kabla: saa tano asubuhi kwa shamba la kwanza, saa saba na nusu kwa la pili pamoja na chakula cha mchana.

Sababu ya kupanda kutoka chini kwenda juu ni hii: zabibu ni ileile, udongo na ubaridi vinabadilika. Chini udongo ni mfinyanzi mwingi uliotokana na mwamba wa shale; katikati kuna mchanganyiko wa matale yaliyooza; juu mfinyanzi unarudi lakini kuna baridi zaidi. Ukionja Pinot noir ya chini saa tano na ya juu saa nane, ulimi wako wenyewe utakufundisha kuliko kitabu. Ukizunguka mashamba matano yenye aina ishirini, hutapata somo hilo.

Namna ya kuonja

Mvinyo mweupe kabla ya mwekundu, mwepesi kabla ya mzito, mkavu kabla ya mtamu. Kwa kawaida anayekuonjesha ataupanga hivyo mwenyewe.

Shika glasi kwenye shina lake, kwa sababu kiganja kinapasha mvinyo joto. Inamishe juu ya kitu cheupe, karatasi au kitambaa, utazame rangi. Pinot noir ni nyepesi, unaona vidole vyako upande wa pili, na hilo si dalili ya udhaifu. Nusa kabla ya kutikisa. Kisha izungushe glasi ikiwa juu ya meza, taratibu, unuse tena. Ya pili daima ina mengi zaidi, kwa sababu hewa imeifungua harufu.

Sasa useme unanusa nini, na useme kwa vitu vya kwenu. Karatasi ya shamba itakuambia cheri na stroberi za msituni, matunda ambayo wengi wetu hatukuyachuma utotoni. Yaache. Mimi kwenye Pinot noir ya bonde hili hupata zambarau, fursadi, karafuu kidogo, na nyuma yake udongo wa Hombolo mvua ya kwanza inapougusa. Kwenye Chardonnay napata ndimu, embe bichi, korosho zilizokaangwa, na siagi pale ilipokaa kwenye pipa la mwaloni. Rafiki wa Tanga aliwahi kusema ganda la chungwa la Muheza, na mhudumu akaandika kwenye daftari lake. Hakuna anayekosea hapa, ilimradi asinakili.

Kisha piga funda dogo. Lizungushe mdomoni mpaka liguse ufizi, vuta hewa kidogo juu yake. Tafuta mambo matatu tu. Kwanza uchachu: je, mate yanajaa pembeni mwa ulimi? Pili ukakasi, ule mkavu unaokaza ufizi kama bibo la mkorosho ambalo halijaiva vizuri. Mwekundu unao, mweupe karibu hauna. Tatu, urefu: baada ya kumeza au kutema, ladha inabaki kwa muda gani? Mvinyo wa kawaida hutoweka mara moja. Mzuri unakaa, unageuka, unakuletea kitu kingine ulichokuwa hujakisikia.

Halafu teme. Kwenye kila meza kuna ndoo au kikombe cha kutemea, na hapa wengi wetu tunaona aibu, kwa kuwa tumelelewa tukiambiwa kutema mbele za watu ni utovu wa adabu. Mezani pa kuonjea ni adabu kamili. Wenye shamba wenyewe hutema, na kukirudisha ndooni kilichobaki kwenye glasi hakumuudhi mtu. Fanya hesabu: wanamimina kiasi cha mililita 30. Mivinyo mitano ni mililita 150, glasi nzima. Mashamba mawili ukimeza yote ni mililita 300, na chupa kamili ni 750. Ukimeza vile viwili ulivyovipenda zaidi na kutema vilivyobaki, utafika jioni ukiwa na akili zako na kumbukumbu zako.

Andika maneno matatu kwa kila mvinyo kwenye simu au kwenye karatasi waliyokupa. Maneno matatu yanatosha. Kunywa maji kila baada ya mvinyo, na kula mkate mkavu. Wasiojua nini cha kuuliza waulize: zabibu hizi zilivunwa lini, na mwaka ule mvua ilikuwaje? Mkulima yeyote duniani akiulizwa habari za mvua atavuta kiti.

Kama wana Pinotage, onja hata kama si zao kuu la bonde. Ni aina iliyozaliwa Afrika Kusini: profesa Abraham Perold aliichavusha mwaka 1925 kwa kukutanisha Pinot noir na Cinsaut. Baada ya kuonja mzazi, ni vizuri kumjua mtoto.

Dereva, na asiyekunywa

Kiwango cha sheria kwa dereva wa kawaida ni chini ya gramu 0.05 za kilevi kwa mililita 100 za damu. Msikae mkikokotoa. Dereva wa siku hanywi, basi, hata kuonja kwa kutema haonji, kwa sababu mdomo unafyonza kidogo na Jumamosi za kiangazi kuna vizuizi barabarani. Kama hakuna anayetaka, kodini dereva wa mjini kwa mchana mmoja. Mkigawana watano si fedha ya kutisha.

Sasa jambo ninaloliona likifanywa vibaya mara kwa mara. Katika kundi letu yuko rafiki Mwislamu asiyegusa kilevi, na wengine wakadhani basi amepatikana dereva wa kudumu. Asiyekunywa ni mgeni kama nyie. Muulizeni, msimpangie. Na mnapoweka nafasi shambani ulizeni wana nini kwa ajili yake: mengi yana maji ya zabibu yasiyochacha, vinywaji vya maua na matunda, na chakula cha kuambatanisha. Muulizeni pia kama anapenda kukaa mezani pa mvinyo au angependelea matembezi kati ya mizabibu saa hiyo. Rafiki yetu anapenda matembezi, na picha zote nzuri tulizo nazo ni zake.

Jumamosi jioni

Lala kidogo ukirudi. Saa kumi na mbili upepo ukipungua, tembeeni kipande cha njia ya majabalini, inayofuata ukingo wa bahari kwa kiasi cha kilomita 12 kutoka bandari mpya hadi upande wa Grotto. Si lazima yote. Mtawakuta pimbi wameota jua juu ya mawe, wanene, hawaogopi mtu. Kaeni mbali na ukingo mawimbi yakiwa makubwa.

Usiku tunachoma samaki nyumbani. Snoek akipatikana ni huyohuyo, mwenye miba mingi na mafuta mazuri. Tunampaka kitunguu saumu, ndimu na pilipili ya kwetu niliyobebewa na mgeni. Abaloni, konokono mkubwa wa baharini, mtu akikupitishia mlangoni kwa bei ya chini, kataa. Ujangili wake umemaliza pwani hii, na ni kosa kubwa kununua.

Mezani tunafungua chupa moja ya Aslina, ya Ntsiki Biyela. Dada huyu alitoka KwaZulu-Natal, akasomea mvinyo Stellenbosch, akawa mwanamke mweusi wa kwanza nchini kwake kuwa mtengenezaji mkuu wa mvinyo, na kampuni yake ameipa jina la bibi yake. Zabibu zake si za bonde hili, na hilo halinisumbui. Nataka wageni wangu waondoke wakijua jina lake.

Jumapili, na chupa za nyumbani

Jumapili ni ya kupumzika. Mashamba mengine hufunga, mengine hufungua saa chache. Kanisani kwa wanaosali, kahawa kwa wengine, kisha saa nne shikeni N2. Mkivuka Houw Hoek mtafika Grabouw, nchi ya matufaha, ambako kuna maduka ya shambani kando ya barabara yenye pai za nyama na maji ya matufaha. Mlimani Sir Lowry's Pass simameni kwenye uwanja wa kuegesha. False Bay yote iko chini yenu.

Chupa zisikae kwenye buti lililoegeshwa juani. Joto hupanua mvinyo, kizibo kinasukumwa, na ulichonunua si utakachokunywa. Nunua kisanduku cha baridi cha bei rahisi uziweke humo tangu shambani. Kwenye ndege chupa haziingii begi la mkononi, zinakwenda kwenye begi la mzigo: funga kila chupa kwa khanga yako, ibane katikati ya nguo, mbali na kingo za begi. Angalia kiwango kinachoruhusiwa bila ushuru nchini kwako kabla ya kununua. Kwa wengi chupa mbili zinatosha, moja nyeupe na moja nyekundu.

Ukifika, iache chupa itulie siku chache baada ya misukosuko ya ndege. Chardonnay itoe kwenye friji dakika kumi kabla ya kuimimina, uinywe na changu wa kupaka. Na nyekundu usiinywe kwa joto la sebule ya Dar. Iweke frijini nusu saa kwanza, kisha imimine kidogo kidogo, na uwaulize mliokuwa pamoja wananusa nini.